Mama Akianzisha Pambio, Kinanda Kiko Wapi?

Katika ibada nyingi za Kiswahili tunazohudhuria hapa Marekani, wimbo hauanzii kwenye kinanda. Unaanzia kwenye benchi. Mama mmoja wa safu ya tatu anasimama, anafumba macho na kuanzisha pambio. Hataji jina la wimbo, haulizi kii, wala hatazami kama mpiga kinanda yuko tayari. Ikifika mstari wa pili kanisa zima linaitikia, dramu zimeingia, na macho ya watu yanageukia pembeni, kule alikokaa kijana wa kinanda. Ana kama sekunde 10 za kujiunga nao.

Sekunde hizo 10 ndizo zilizozua ubishi katika klabu yetu muhula huu wote. Wengi wetu tulikulia katika makanisa ya wazazi wetu, ya Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, na kadhaa kati yetu tunapiga kinanda Jumapili. Swali lilikuwa hili: mpigaji anayejua kii moja tu, na kwingine kote anategemea kibonye cha transpozi, je, huyo ni mpigaji? Wengine walisema ni uvivu mtupu. Wengine walisema anayecheka kibonye aje akae yeye kwenye kinanda Jumapili ijayo. Baada ya kubishana sana tumefika mahali tunapokubaliana, na tungependa kukueleza, ndugu msomaji, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko kinanda.

Kibonye kinafanya nini

Kwa asiyepiga kinanda, tuanze hapa. Muziki wa kanisani kwetu unatumia sauti 12, kisha zinajirudia juu zaidi. Kwenye kinanda, 7 kati ya hizo ni vitufe vyeupe na 5 ni vyeusi. Ukianzia C ukapanda kwa vyeupe peke yake, unapata do, re, mi, fa, so, la, ti bila kugusa cheusi hata kimoja. Ndiyo maana karibu kila anayejifunza mwenyewe huanza na C. Lakini wimbo uleule ukianza kwenye E flati, kuna vyeusi 3 vya kupitia. Ukianza kwenye A flati, vinakuwa 4. Vidole vilivyozoea njia moja vinapotea.

Transpozi inaondoa shida hiyo. Ukiweka +3, vidole vinapiga C lakini spika inatoa E flati. Vinanda vingi vya siku hizi vinakuruhusu kupanda nusu toni 12 na kushuka 12. Kwa hiyo mtu mwenye kii moja mkononi anaweza kupiga katika kii zote.

Wala wazo hilo si la juzi. Irving Berlin, mtunzi wa "White Christmas" na "God Bless America", alipiga piano karibu maisha yake yote katika kii moja, F shapu, akiegemea zaidi vitufe vyeusi. Alikuwa na piano maalumu yenye wenzo wa kuhamisha kii, na moja ya piano zake imehifadhiwa Washington katika makumbusho ya Smithsonian. Wapiga gitaa nao wana kapo, kile kibano cha shingoni, na hakuna anayewatoa kanisani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tuliacha kusema kwamba kibonye ni dhambi.

Lakini turudi kwa mama wa safu ya tatu. Ili ujue kwamba unatakiwa kuweka +3, lazima kwanza ujue kwamba ameanza kwenye E flati. Kibonye hakisikilizi. Kijana asiyeweza kusikia anabahatisha: +2, hapana, +4, hapana, na kila jaribio linasikika kwenye spika. Yule anayeweza kuikuta do ya mama kwa kidole kimoja ndani ya sekunde moja, huyo akipenda atumie kibonye, akipenda asitumie. Kazi ngumu ameshaimaliza. Na kuna siku mama anaanza katikati ya C na C shapu, maana koo halikutengenezwa kiwandani. Hapo hakuna namba ya kubonyeza. Mpigaji mzoefu anangoja, anaingia taratibu kwa sauti laini kwenye kii iliyo karibu, na watu wanaifuata bila kujua kwamba wamevutwa.

Mashine ina mwendo wake

Transpozi ina ndugu zake. Kuna staili, zile midundo iliyomo ndani ya kinanda: unabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto (kodi ya muziki, si ile ya serikali) na mashine inakupa dramu, besi na gitaa. Halafu kuna biti za kupakua kwenye intaneti, ambazo zinakuja na kila kitu isipokuwa waimbaji.

Shida ya hizi ni kwamba zina mwendo wake na hazibadiliki. Staili nyingi zinazokuja na kinanda ni za mapigo manne, na mapambio yetu mengi yanakwenda kwa mafungu ya tatu tatu. Ukiulazimisha wimbo wa tatu tatu uingie kwenye nne, maneno yanabanana. Tena mama hana mwendo mmoja. Kwenye mstari wa tatu anavuta kidogo ili neno liingie, kisha anaharakisha. Mpigaji anayemtazama anavuta naye. Staili haimtazami mtu. Biti ndiyo kabisa: imepangiwa beti tatu, na ikiisha imeisha, hata kama kanisa ndiyo kwanza limeanza kuchangamka.

Tunalijua kanisa moja, ambalo hatutalitaja, ambako sasa nyimbo zote zinapangwa Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp, kila moja na biti yake na kii yake. Hatutakataa, jukwaani mambo yamekuwa safi. Lakini akina mama wameacha kuanzisha nyimbo. Hakuna aliyewakataza. Waliona tu kwamba wakianzisha, kijana anahangaika, dramu zinanyamaza, watu wanatazamana. Basi wakakaa kimya wakangoja programu.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipogeuka. Nyimbo nyingi za akina mama hao hatujaziona kwenye intaneti na hazina biti. Walizibeba kichwani kutoka Uvira, Bujumbura, Mwanza au kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Vitabu vya nyimbo tulivyo navyo nyumbani vina maneno tu, bila nota, na mapambio mengi hayamo hata humo. Kama mama hauanzishi wimbo Jumapili, sisi tuliozaliwa au kukulia hapa hatuna mahali pengine pa kuusikia. Kwa hiyo ujuzi wa mpiga kinanda unaamua jambo moja kubwa: nani anaruhusiwa kuanzisha wimbo. Mpigaji mwenye sikio anaufungua mlango kwa kila aliye kwenye benchi. Asiye nalo, hata awe mnyenyekevu namna gani, anawafungulia tu wale waliotajwa kwenye orodha ya Ijumaa.

Do inayohama

Jambo lililotushangaza ni kwamba dawa yake ilikuwa tayari nyumbani kwetu. Wazee wetu wa kwaya walifundishwa sol-fa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t zilizoandikwa ubaoni, na juu yake maneno ya kuonyesha do iko wapi: do ni G, do ni F. Mfumo huo ulianzia Uingereza. Mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich ndiye aliyeubuni, na mchungaji John Curwen akauendeleza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wasiojua nota za mistari waweze kuimba. Wamisionari wakauleta Afrika, na Afrika ikaushika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 ule wimbo ambao tuni yake leo inaimbwa Tanzania kama "Mungu Ibariki Afrika", aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo za sol-fa.

Siri ya sol-fa ni kwamba do inahama. Ikikaa kwenye C, mi iko juu yake nusu toni 4 na so nusu toni 7. Ikikaa kwenye A flati, umbali ni uleule. Anayeimba kwa sol-fa hajifunzi wimbo mara 12 kwa ajili ya kii 12. Anajifunza mara moja, kisha anauliza tu: do iko wapi leo? Kwa maneno mengine, bibi zetu walikuwa na transpozi kabla ya vinanda vya umeme, ila yao ilikuwa kichwani.

Wanamuziki wa studio za Nashville, Tennessee, walifika mahali hapo hapo mwishoni mwa miaka ya 1950 walipoanza kuandika kodi kwa namba. Badala ya kuandika C, F, G, wanaandika 1, 4, 5. Mwimbaji akisema leo koo limekauka, tushuke, karatasi haibadiliki. Linganisha na do, fa, so ya bibi, utaona ni kitu kilekile.

Sol tatu katika kanisa moja

Makanisa yetu ya huku yana utamu mwingine. Mwalimu wa kwaya ni Mtanzania wa sol-fa. Mpiga gitaa ni Mkongo aliyefunzwa kwa mfumo wa Kifaransa, ambako do ni jina la C siku zote na haihami kamwe; yeye kii anaziita sol, la, mi bemoli. Mpiga kinanda ni mmoja wetu, aliyejifunza kwa video za Kiingereza na kibonye cha transpozi.

Sasa tuseme wimbo uko kwenye F. Mwalimu anasema, "Anzeni kwenye sol." Kwake hiyo ni C, sauti ya tano kutoka F. Mpiga gitaa anasikia sol na kushika G. Kijana wa kinanda ameweka +5, kwa hiyo kidole chake kiko kwenye G lakini spika inatoa C, na mpiga besi akimwuliza yuko wapi, anajibu kwa anachokiona: "G!" Kaka wa besi anapiga G. Kinachotoka hapo hakihitaji maelezo.

Mazoezi mengi yamevunjika kwa ugomvi wa namna hii, kila mmoja akiamini mwenzake hana sikio, kumbe wote wanasikia vizuri ila wanataja vitu vitatu kwa jina moja. Namba zinasaidia sana hapa. "Kii ni F, anzeni kwenye 5" inaeleweka na mtu wa Kigoma, mtu wa Bukavu na mtu wa YouTube. Na anayetumia transpozi awe na adabu hii: akiulizwa kii, ataje inayosikika kwenye spika, si ile iliyo chini ya vidole vyake.

Siku ambayo hakukuwa na kibonye

Mwaka jana tulikwenda kumuaga mzee mmoja wa jamii yetu. Ibada ilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mazishi, na pale palikuwa na piano ya mbao, ya zamani, isiyo na waya wala kioo cha namba. Kijana aliyezoea kupiga Jumapili aliombwa akae. Mjane alianzisha wimbo kwa sauti ya chini sana, kwenye B flati au jirani yake. Kijana alitafuta kwenye vitufe vyeupe, hakupata, akatafuta tena, kisha akaondoa mikono na kuiweka magotini. Watu waliimba bila piano, na waliimba vizuri. Hakuna aliyemlaumu. Lakini marehemu alikuwa mjomba wake, na alitaka kumpigia.

Wanaotetea kibonye watatuambia kwamba msiba ni jambo la nadra. Si kweli kwa jamii zetu. Tunaimba hospitalini, tunaimba sebuleni wakati wa kuchangisha fedha za kusafirisha mwili, tunaimba kwenye sherehe za mahafali uani. Mara nyingi kinachopatikana ni piano ya watu au gitaa la kuazima.

Hata hivyo tuwasikilize. Mwenzetu anayesomea uuguzi anafanya zamu za usiku, na kanisani kwao hakuna mpigaji mwingine. Alitueleza kwamba bila transpozi angeacha kabisa, na kanisa lingebaki na dramu tupu. Tunamwelewa. Kibonye kimewaingiza kwenye huduma vijana wengi ambao wangeogopa, na mtu wa mwaka wa kwanza hapaswi kudaiwa kii 12. Kinafaa pia wimbo wa kwaya ulioandaliwa vizuri unapohitaji kushushwa ghafla kwa sababu mwimbaji ana mafua. Tunachosema ni kwamba kibonye kiwe gongo la mgonjwa anayepona. Usikate mguu kwa sababu una gongo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Simu zetu zinatafsiri sentensi nzima kwa kugusa mara moja, na wengi wetu tumeshatumia. Lakini shangazi akipiga simu kutoka Kigoma akaanza kusalimia, hakuna nafasi ya kugusa kitu. Ama unaitikia, ama unanyamaza.

Tufanyeje basi

Haya ndiyo tunayofanya katika mazoezi yetu, na yametusaidia.

Kwanza, imba kabla ya kugusa. Sikiliza mahali wimbo unapotua, ile sauti ya mwisho wa ubeti ambapo kila mtu anahisi amefika nyumbani. Katika mapambio mengi hiyo ndiyo do. Ishike kwa mdomo uliofumbwa, kisha itafute kwa kidole kimoja, kwa sauti ndogo.

Pili, jifunze 1, 4 na 5 za kii chache. Kwenye C ni C, F, G. Kwenye F ni F, B flati, C. Kwenye G ni G, C, D. Kwenye E flati ni E flati, A flati, B flati. Kwenye A flati ni A flati, D flati, E flati. Mapambio mengi hayahitaji zaidi ya kodi hizo tatu.

Tatu, chukua kii moja kwa wiki mbili na pambio moja tu. Anza na F na G, ambazo zina kitufe cheusi kimoja kimoja. Kisha nenda E flati na A flati. Usiogope vyeusi, wapigaji wengi wa gospeli katika makanisa ya Wamarekani Weusi wanazipenda kii hizo za flati, na vyeusi vikishazoeleka vinakuwa alama za kuongoza vidole hata bila kutazama.

Nne, ukipotea katikati ya wimbo, mkono wa kushoto upige do peke yake, sauti moja, mpaka ujipate. Ni afadhali kuliko kodi nane za kubahatisha.

Tano, jifunze kupandisha kii kwa vidole. Kiongozi akitaka ubeti wa mwisho upande nusu toni, piga kodi ya 5 ya kii mpya, kisha tua kwenye 1 mpya. Kutoka C kwenda D flati, unapitia A flati. Kanisa litakufuata lenyewe. Kwa kibonye, mkono lazima uache vitufe wakati ambao unahitajika zaidi.

Sita, funika kioo cha namba kwa kipande cha karatasi wakati wa mazoezi. Na ukitumia transpozi kwenye ibada, irudishe 0 wimbo ukiisha, kwa ajili ya atakayekaa baada yako.

Kwa viongozi wa makanisa tuna ombi dogo. Mpeni mpigaji wenu ufunguo wa jengo ili aweze kufanya mazoezi katikati ya wiki. Wengi wanaishi kwenye vyumba ambako jirani anagonga ukuta. Na mwombeni mama mmoja au wawili wafike dakika 15 kabla ya ibada, waanzishe nyimbo zozote wanazotaka, bila kutaja kii, huku kijana akitafuta. Hakuna darasa la chuo litakalomfundisha hayo.

Klabu yetu inakutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha mazoezi cha idara ya muziki, na kijana wa ule msiba yumo. Huhitaji kujua kupiga. Njoo na simu yako tu. Tunawapigia mama na shangazi zetu, tunawaamkia shikamoo, kisha tunawaomba waanzishe pambio lolote wanalolikumbuka. Kabla hajafika mwisho wa ubeti, mmoja wetu lazima awe ameipata do. Wiki iliyopita mama wa mwenzetu alianzisha matatu mfululizo, na mawili kati ya hayo hakuna mtu chumbani aliyewahi kuyasikia.